Kirusi Kilichomfunga Mwathirika Wake: Uchambuzi wa One_Half

1.0 Utangulizi

Virusi vya awali vya kompyuta viligawanywa katika makundi mawili kwa kuzingatia mahali vilipojificha. Kundi la kwanza ni la virusi vya faili, ambavyo hujipachika katika programu na kuamka pindi programu hiyo inapoendeshwa. Kundi la pili ni la virusi vya sekta ya kuwashia, yaani sehemu ya diski inayosomwa kabla ya mfumo endeshi kupakiwa. Oktoba 1989, Friðrik Skúlason wa Iceland aligundua Ghostball, kirusi kilichounganisha njia hizo mbili. Makala haya yanachambua kirusi cha baadaye cha jamii hiyo, One_Half, kilichojitokeza Slovakia mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba kirusi hiki kilimfanya mwathirika akitegemee, kiasi kwamba kukiondoa kwa pupa kulileta hasara kuliko ugonjwa wenyewe.

2.0 Uenezaji na Ufichaji

One_Half kilisafiri ndani ya faili za DOS za aina ya COM na EXE. Mtumiaji alipoendesha faili iliyoambukizwa, kirusi kiliandika msimbo wake katika sekta kuu ya kuwashia ya diski ngumu. Tangu hapo, kila kompyuta ilipowashwa, kirusi kilitangulia kuingia katika kumbukumbu, kisha kikaambukiza faili nyingine. Faili iliyoambukizwa iliongezeka kwa baiti 3,544, lakini kirusi kilichokuwa hai kiliuficha urefu huo. Aidha, msimbo wake ulibadilika sura kutoka faili moja hadi nyingine. Hivyo basi, kuutafuta kwa alama moja isiyobadilika hakukufaa. Vilevile, kilikwepa faili zenye majina ya programu kadhaa za kukagua virusi.

3.0 Usimbaji wa Diski

Sifa inayokitofautisha kirusi hiki ni usimbaji fiche wa diski. Kila kompyuta ilipowashwa, kilisimba silinda mbili, kikianzia mwisho wa diski na kurudi kuelekea mwanzo. Mtumiaji hakuona badiliko lolote, kwa sababu kirusi kilichokuwa kumbukumbuni kiliisimbua data kila iliposomwa na kuisimba tena kila ilipoandikwa. Kazi ilipofikia takribani nusu ya diski, ujumbe mfupi ulitokea katika skrini ukitangaza kwamba hiyo ni nusu moja, na kumtaka mtumiaji abonyeze kitufe chochote. Jina la kirusi limetokana na ujumbe huo.

4.0 Tatizo la Tiba

Ufunguo wa usimbaji, pamoja na taarifa ya mahali usimbaji ulipofikia, vilihifadhiwa na kirusi katika sekta kuu ya kuwashia. Kwa virusi vingi vya sekta hiyo, tiba ya kawaida ilikuwa kuiandika upya kwa msimbo safi. Tiba hiyo ikitumiwa dhidi ya One_Half, kirusi huondoka na ufunguo wake, ilhali data iliyosimbwa hubaki bila msomaji. Fundi aliyedhani ameponya mashine alikuwa amefunga mlango na kuutupa ufunguo.

Utaratibu salama ulidai mfuatano maalumu: kuwasha kompyuta kwa disketi safi, kusoma ufunguo, kusimbua silinda zote zilizoathirika, na mwishowe kurejesha sekta ya kuwashia. Kinyume na mazoea, nyaraka zilizonakililiwa nje ya diski wakati kirusi kikiwa hai zilisomeka, kwa kuwa kirusi chenyewe kilizisimbua.

5.0 Hitimisho

One_Half kinaonyesha kwamba kutambua kirusi si sawa na kukielewa. Programu iliyoweza kukitaja kwa jina na kukifuta, bila kujua kilichokwisha kutendwa diskini, ilikuwa hatari kwa mtumiaji. Kwa hiyo, tathmini ya zana za kupambana na virusi haina budi kupima mambo mawili: uwezo wa kugundua maambukizi, na uwezo wa kurejesha hali iliyokuwapo kabla yake.