Dawa Inayojitoa Yenyewe Jichoni

Presha ya macho hupofusha polepole, mara nyingi bila maumivu. Mgonjwa hutia matone kila siku. Wengi husahau.

Ndiyo maana mwaka 1974 huko Marekani kilitolewa kidude chembamba cha kuweka ndani ya kope. Kilitoa dawa chenyewe, kidogo kidogo, kwa siku 7. Mwaka 2020 kiliruhusiwa kingine, kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari hukiingiza ndani ya jicho. Hutoa dawa kwa miezi kadhaa, kisha huyeyuka.

Wewe uliyepewa matone, usisubiri kidude. Tia tone moja, fumba jicho, bonyeza pembeni karibu na pua kwa dakika 2. Usiache dawa kwa kuwa unaona vizuri. Uoni ukipotea haurudi.