Nguo za Saa Kumi na Mbili na Nguo za Saa Saba

Mwezi wa saba, saa saba mchana, ukimwona abiria anashuka kwenye daladala Kwa Mrombo, hapa Arusha, akiwa na koti mkononi, sweta kiunoni na skafu inachungulia kwenye mkoba, huna haja ya kumuuliza anatokea wapi. Anatoka Ngaramtoni, au Ilboru, au huko juu Sekei. Aliondoka nyumbani ukungu bado umelalia migomba, na sasa ameteremka hadi huku chini jua limeshafunguka. Jioni atapanda tena akiwa amevaa vyote. Wageni wa kutoka Dar humcheka, kisha baada ya wiki moja na wao wanaanza kuulizia bei ya masweta.

Sababu iko kwenye ramani. Arusha iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halihami sana mwaka mzima. Wastani wa joto la Julai, mwezi wetu wa baridi, hupishana na ule wa Februari, mwezi wa joto, kwa kama nyuzi tano tu za Selsiasi. Lakini ndani ya siku moja, kati ya alfajiri na saa nane mchana, joto huweza kupanda nyuzi kumi na zaidi. Halafu kuna mwinuko. Katikati ya jiji ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Mlima Meru kimepita mita 4,500, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi. Unyevu huo ukifika kwenye mteremko wa Meru unapanda, unapoa, unageuka wingu zito lililoinama juu ya mapaa. Wingu hilo huweza kukaa asubuhi nzima, na siku nyingine halifunguki kabisa.

Ndiyo maana ushauri wa mavazi unaotoka nje unatukaa vibaya. Wazo la kabati dogo la nguo chache zinazoingiliana lilipata umaarufu London miaka ya 1970 kupitia kwa Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo, na mwaka 1985 mbunifu wa Marekani Donna Karan akaligeuza biashara kwa kutoa vipande saba vya kuvaa kwa namna nyingi. Wazo ni zuri. Ila kule kabati hupangwa kwa misimu: makoti yanashushwa Oktoba, yanarudishwa juu ya kabati Aprili. Sisi Oktoba na Aprili zao zinatukuta siku moja, moja kabla ya chai ya saa nne na nyingine baada yake. Kabati la Arusha hupangwa kwa saa.

Kinachokutia joto si unene wa nguo, ni hewa iliyotulia ndani yake na kati ya nguo na nguo. Mashati mawili mepesi na sweta moja vinaweza kushikilia hewa nyingi kuliko koti moja zito, na vina faida ambayo koti halina: unaweza kuvua kimoja. Kwa hiyo swali la kwanza unaposhika nguo yoyote ya juu si kama inapendeza. Ni je, naweza kuivua nikiwa nimekaa katikati ya watu wawili kwenye kiti cha daladala? Sweta la kuvulia kichwani linashindwa mtihani huo. La vifungo au zipu mbele linafaulu, na tena unaweza kulifungua nusu. Nikiwa fundi cherehani nimekata masweta mengi ya kichwani katikati kifuani nikayatia zipu, na wenye nayo hawajawahi kutaka niyarudishe yalivyokuwa.

Tabaka la chini, linalogusa ngozi, liwe la pamba jepesi: tisheti, fomu siksi, blauzi. La kati ni sweta. La juu ni jaketi jembamba la kukata upepo na manyunyu. Mwenye bodaboda anajua thamani ya hilo la tatu kuliko mtu yeyote, maana upepo wa mwendo unafagia hewa yote ya moto uliyojikusanyia ndani ya sweta. Sweta nene bila jaketi kwenye pikipiki ni sawa na kufunga dirisha la wavu.

Sasa idadi. Magazeti ya mitindo hutaja vipande 30 au 33 bila kueleza kwa nini, lakini hesabu yenyewe inaanzia kwenye kamba ya kuanikia. Chukua siku unazokaa bila kufua, jumlisha siku ambazo nguo inakaa kambani mpaka ikauke, ongeza moja ya dharura. Mtu anayefua kila baada ya siku nne, Februari nguo zake zinakaa kambani siku moja tu, anahitaji mashati sita. Juni, wingu likikataa kufunguka, shati la pamba nzito linalala nje usiku wa kwanza, linalala ndani usiku wa pili likinuka uvundo, siku moja ya kamba inakuwa mbili, na hesabu inasogea hadi saba. Hilo la saba si la urembo. Na ndilo linalofaa kuwa na mchanganyiko wa polista, likauke upesi.

Suruali na sketi hazifuliwi kila zikivaliwa, kwa hiyo tatu zinatosha. Masweta mawili, ili moja likifuliwa lingine liko kazini. Jaketi moja. Jumla vipande 13, na vinatoa nini? Mashati saba mara suruali tatu mara masweta mawili ni mavazi 42 tofauti, mradi kila kipande kikubali kila kingine. Ukibadilisha suruali moja tu, ukaweka ya maua inayokubali blauzi moja, unabaki na 30. Mavazi 12 yamekwenda kwa ajili ya maua. Sisemi usiyanunue, nasema ujue bei yake.

Kuhusu rangi sina maneno mengi. Chagua mbili za giza za kukaa chini, kama bluu ya usiku na kijivu, na moja ya katikati kama khaki, kisha mashati yacheze yatakavyo. Kijivu na khaki vina sababu nyingine huku kwetu: vumbi la Kwa Mrombo wakati wa kiangazi haliwaonei aibu wenye suruali nyeusi, na tope la masika haliwasamehe wenye nyeupe.

Kwenye sweta ndipo watu wanapopoteza hela, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Masweta yetu mengi ni mitumba, na kwenye fungu moja utakuta sufu halisi na akriliki zimelala pamoja kwa bei ileile, kwa sababu muuzaji anapanga kwa macho. Wewe panga kwa lebo. Geuza nguo, tafuta kitambaa kidogo kwenye mshono wa ubavuni. Kikiandikwa "wool", "laine", "lana" au "Wolle", hiyo ni sufu, imetoka Uingereza, Ufaransa, Italia au Ujerumani, yote ni ile ile. "Baumwolle" ya Wajerumani isikudanganye, hiyo ni pamba. "Acrylic" au "Polyacryl" ni uzi wa kiwandani. Sufu ina sifa moja inayoifanya ilingane na mji huu: hunyonya unyevu mwingi ndani ya nyuzi zake kabla hujauhisi, na hata ikilowa kidogo bado inatunza joto. Pamba ikilowa inagandamana na ngozi, na maji hupitisha joto la mwili mara 20 na zaidi kuliko hewa tulivu. Ndiyo maana aliyenyeshewa akiwa na sweta la pamba anatetemeka kuliko aliyevaa la sufu.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuwashe kwa njiti ya kiberiti. Sufu inaungua kwa kusitasita, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Akriliki na polista zinayeyuka, zikipoa zinakuwa kijishanga kigumu. Muuzaji akikukatalia kuchomoa uzi ana haki yake; lakini wengi wakishaona unajua unachokitafuta, wanakusaidia kutafuta. Kisha inua sweta juani uangalie matundu ya wadudu, halafu tazama kwapa na viwiko. Kiwiko kilichochakaa hutiwa kiraka kikapendeza. Kwapa likishakufa, acha.

Nyumbani, sufu haitaki maji ya moto wala kusuguliwa. Ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo, ianike imelala juu ya kitu kilichonyooka. Ukiitundika mabegani inarefuka mpaka magotini. Ukiichemsha inasinyaa ikamtosha mtoto.

Jaketi nalo lina mitihani yake miwili. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita, upepo utapita. Kisha geuza ndani utazame kama utando wake unabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Ukiona hivyo, jaketi hilo limeshazeeka, maji yataingia hata likiwa zuri kwa nje. Yale majaketi manene yaliyojazwa manyoya ya ndege, yanayopendwa sana na vijana wa bodaboda, mimi siyapendekezi kwa mji wenye manyunyu. Manyoya yakilowa yanajikusanya mabonge, joto linaisha, na kuyakausha mwezi wa sita ni kazi ya siku kadhaa. Yaliyojazwa polista yanavumilia zaidi.

Jambo jingine ni la kwetu kabisa. Kwa Mrombo pana sifa ya nyama choma, na nyama choma ina mkaa. Jaketi laini la polista lenye manyoya mafupi, lile linalopendwa kwa wepesi wake, likipigwa na cheche linatoboka palepale, tundu dogo lenye kingo ngumu. Angalia vifua vya wachomaji utayahesabu. Sufu haishiki moto kirahisi, cheche inaacha alama unayoweza kuifuta kwa kidole. Anayekaa karibu na jiko, au anayepikia nje, avae sufu au pamba nzito.

Na shuka la Kimasai? Lipo kwenye kabati langu, na ningeliweka kwenye la kila mkazi wa mkoa huu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwabana Wamasai waache mashuka na ngozi wavae suruali, ili waonekane wameendelea. Ukitazama leo walinzi wa usiku, wafugaji na hata watalii, utajua ni nani aliyeshinda. Shuka ni skafu asubuhi, blanketi kwenye basi la alfajiri, mto ukichoka, na halina saizi. Kwenye bodaboda tu ndipo pa kuwa mwangalifu: shuka, khanga au mtandio ukiachwa unapepea unaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo. Kunja, kalia ncha, au weka kwenye begi.

Suruali ya jinzi ipunguze. Ni nzito, ikilowa inakuwa nzito zaidi, na kiunoni haikauki hata jioni. Kadeti ya pamba iliyochanganywa na polista inafanya kazi ile ile na kukauka mapema. Viatu viwili: kimoja cha kufunika mguu chenye soli yenye meno kwa ajili ya tope, kingine cha wazi kwa jua la mchana. Katambuga za tairi zinaingia hapo bila shida yoyote.

Mahali pa kuvipata vyote hivi bado ni mtumbani, ingawa ilikaribia isiwe hivyo. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, wakikutana hapa hapa Arusha, walikubaliana kuelekea kuacha mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, wengi wakalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Ya kwetu yakaendelea. Nguo za ndani Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku kwa mitumba, na hizo nunua mpya bila kubishana.

Sweta linunue Januari au Februari. Wakati huo muuzaji anatoa jasho, hana mteja, na lile la sufu lililopo chini ya fungu halijachambuliwa na mtu. Ukisubiri mpaka wiki ya kwanza ya Juni, utakuta tumeshalichukua, na fundi wako naye ana foleni ya zipu.