Nyumba Yako na Jua la Kaskazi

Mkulima, ukiwa na safari ya Mombasa mwezi wa Februari au Machi, usirudi shamba kabla hujaingia Mji wa Kale. Nenda saa saba mchana. Ifuate Ndia Kuu, kisha ujipenyeze vichochoroni. Utaona ajabu: kwenye barabara kubwa lami inachoma miguu, lakini kichochoroni pana kivuli na upepo, na wazee wamekaa barazani wakizungumza taratibu.

Wazee hao hawakupewa jua dogo kuliko lako. Mapema Machi jua hupita utosini kabisa. Maskati, kule Omani walikotoka Waarabu walioiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698, joto la kiangazi hupita digrii 40. Mombasa hufika 32 au 33 tu. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na jasho lisipokauka mwili haupoi.

Sasa itazame nyumba. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama dhiraa moja. Ukuta wa namna hiyo hupokea joto polepole, na jua huhangaika nao mchana kutwa huku ndani bado pana ubaridi. Chokaa nyeupe ya nje huurudisha mwanga. Vyumba ni vyembamba, maana boriti za mikoko haziwezi kuvuka mbali. Lakini nisikudanganye: usiku ukuta hutoa joto lile ulilolimeza. Ndiyo sababu wenyeji wakapenda madirisha marefu na roshani za mbao, upepo upite usiku kucha.

Wengi waliokuja kulima skimu za Shimba Hills tangu miaka ya 1950, na Mpeketoni tangu miaka ya 1970, walitoka bara. Nyumba ya bara hujengwa kuzuia baridi: dirisha dogo, bati liko chini, dari hakuna. Pwani nyumba hiyo ni tanuri, na anayelazwa humo saa nane mchana ni mtoto mchanga. Mimi mwenyewe niliyadharau makuti nikidhani bati ndilo maendeleo. Kaskazi ya kwanza, mke wangu alihamishia kitanda chini ya mwembe, akaniachia maendeleo yangu.

Huhitaji matumbawe. Ukuta mnene wa udongo uliokandikwa vizuri na kupakwa chokaa hufanya kazi ile ile. Ukijenga upya, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi zielekee mashariki na magharibi ambako jua la asubuhi na la jioni hupiga kwa ubavu. Weka madirisha yanayokabiliana: upepo ukiingia bila pa kutokea hauingii tena. Kama bati umekwisha kuliezeka, tia dari, au angalau acha nafasi juu ya ukuta ili hewa moto itoke. Ukichagua makuti, jiko liwe mbali.

Na wewe mwenyewe je? Shika jembe alfajiri, uliweke saa nne, ulishike tena saa kumi. Kunywa maji kabla ya kiu, uvae kofia pana na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Ukimwona mwenzako ana kizunguzungu, kichwa kinamuuma na anatapika, mpeleke kivulini mara moja, umvue nguo nzito, ummwagie maji mwilini na kumpepea. Akiwa na akili zake mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Akianza kusema ovyo au akizimia, usimtie kitu mdomoni. Endelea kumlowesha huku mkimkimbiza hospitali, kwani joto la namna hiyo huua.

Ng'ombe wa gredi naye huteseka. Akihema mdomo wazi, maziwa yatapungua. Mpe maji mengi na banda lenye kivuli, na majani mengi mpe jioni.

Mvua za masika huanza Machi au Aprili. Chimba mashimo sasa upande wa magharibi wa nyumba, upande mwembe au mwarobaini. Mnazi uupande mbali na mlango: nazi ina macho matatu, lakini haioni kichwa cha mtu.