Mito ya Ruwenzori Yangoja Wasomi Wake

Mtu asimamaye Nyakiyumbu, karibu na Bwera katika wilaya ya Kasese, huiona milima ya Ruwenzori upande wa kaskazini, na upande wa kusini nchi huteremka hadi Ziwa Edward. Maji ya mito ya huko huanzia mlimani, yakapita mashambani, vijijini na sokoni kabla ya kufika ziwani. Askari alindaye mpaka wa Mpondwe huujua mto Lhubiriha, utenganishao Uganda na Kongo. Jamaa yake huujua kwa njia nyingine, kwani maji ya bonde hilo ndiyo ya kupikia, ya kufulia na ya kunywa.

Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Kasese na kukaa kwa miezi, kikawapata watu zaidi ya 100. Wachunguzi walifuatilia mgonjwa mmoja mmoja na kuuliza kila nyumba ilichota wapi. Waligundua kwamba ugonjwa ulienezwa na maji ya kunywa yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo, na kwamba tarafa ya Bwera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata taabu kubwa. Wengi wa wachunguzi hao walikuwa vijana wa Uganda waliokwisha pata shahada ya pili, wakiwa katika mafunzo ya miaka miwili yaliyoanzishwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi yao ya masomo ilikuwa kazi yenyewe: daftari mkononi, chupa ya kuchukulia maji, na kutembea.

Huo ni mfano mmoja wa utafiti wa maji, na wazazi wengi hawajui kwamba mtoto wao aweza kuufanya kuwa kazi yake ya maisha. Mara nyingi mtoto akimaliza shahada ya kwanza ya sayansi, swali la nyumbani huwa moja tu: ataajiriwa lini? Ni swali la haki. Lakini ipo njia nyingine ya kuendelea.

Faida yake huonekana katika habari ya barafu ya Ruwenzori. Mwaka 1906 barafu hiyo ilienea kama kilometa za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 haikufika hata moja. Watu waliogopa kwamba mito ingekauka. Ndipo wataalamu walipopanda mlima na kuupima mto Mubuku katika vimo mbalimbali. Katika taarifa yao ya mwaka 2009 walionyesha kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji ya mto huo unapofika chini. Sehemu kubwa hutoka katika misitu na nyanda zenye kuvu za katikati ya mlima, penye mvua nyingi. Basi mwenye kuukata msitu ndiye wa kuogopwa zaidi, kuliko jua liyeyushalo barafu. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Callist Tindimugaya, mtumishi wa serikali ya Uganda katika idara ya maji, aliyepata shahada ya uzamivu London kwa kuchunguza maji ya ardhini ya nchi yake mwenyewe.

Kwa upande wa Kilembe mambo ni mazito zaidi. Shaba ilichimbwa huko tangu 1956 hadi 1982, na mabaki zaidi ya tani milioni 15 yakaachwa katika bonde la mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ulipoibomoa hospitali ya Kilembe. Watafiti waliopima maji ya kunywa, mboga na vumbi la majumbani walikuta madini kupita kiasi katika baadhi ya sampuli, hasa kobalti. Yafaa mama wa nyumbani aelewe tofauti hii: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi madini. Ni nani atakayesema kisima kipi ni salama, ila aliyefunzwa kupima?

Mlango wa karibu ni Makerere, ambako jiolojia na maji ya ardhini hufundishwa hadi shahada za juu. Arusha kipo chuo cha Nelson Mandela, kinachopokea wenye shahada tu, na elimu ya maji ni mojawapo ya masomo yake. Umoja wa Afrika nao una taasisi ya maji na nishati huko Tlemcen, Algeria, ambayo imewafadhili vijana wa nchi nyingi za Kiafrika. Mbali zaidi iko Delft, Uholanzi. Ushindani ni mkali na wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata, hivyo mwombaji asingoje tangazo moja tu.

Vyuo hutaka vyeti, barua za walimu wawili au watatu, na maelezo ya jambo ambalo mwombaji ataka kulichunguza. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa kuandika maneno ya jumla kuhusu mazingira ya dunia. Kijana wa Nyakiyumbu ana la kuandika. Mto wake una nchi mbili, na ugonjwa ukianza ng'ambo moja haungoji hati ya kusafiria. Je, uchafu huingia mahali gani, na katika majuma gani ya mvua? Aweza kuanza kabla ya barua ya chuo kufika: achague daraja moja, apime kina cha maji kila asubuhi kwa fimbo yenye alama, aandike tarehe, mvua na rangi ya maji. Daftari la mwaka mzima la namna hiyo, likiambatanishwa na maombi, mwalimu wa chuo atalisoma.