Leva ya Gia Yageuka Swichi

Katika gari la otomatiki la mtindo wa zamani, leva ya gia imeungwa na giaboksi kwa kebo ya chuma. Dereva akisogeza leva, kebo husogeza vali inayoelekeza mafuta ndani ya giaboksi. Akiiweka kwenye P, ulimi wa chuma hudumbukia kwenye gurudumu lenye meno na gari halibingiriki. Leva hubaki pale ilipoachwa, kwa hiyo mkono pekee, bila jicho, unatosha kujua gari liko gia gani. Katika magari mengi mapya kebo hiyo haipo tena. Anachogusa dereva ni swichi, na kompyuta ndiyo inayopokea ombi lake, kuangalia mwendo wa gari na kama breki imekanyagwa, kisha kukubali au kukataa.

Mpangilio wa P, R, N, D ulichukua miaka mingi kukubalika. General Motors ilipoingiza sokoni Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi, katika magari ya Oldsmobile ya 1940, P haikuwepo kabisa. Dereva alizima injini na kuacha leva kwenye rivasi ili gari lisitembee. Rivasi yenyewe iliwekwa mwisho wa mstari, jirani na gia nzito ya kupandia mlima, na aliyetaka kupunguza gia aliweza kupitiliza akajikuta anarudi nyuma. Chrysler nayo iliweka vitufe kwenye dashibodi kuanzia magari ya 1956 hadi ya 1964. Edsel ya 1958, gari la Ford ambalo biashara yake ilikufa mapema, ilikuwa na vitufe vya gia katikati ya usukani, mahali ambapo madereva walizoea kukuta honi.

Mwaka 1965 wakili Ralph Nader aliushambulia mchafuko huo katika kitabu chake kuhusu usalama wa magari ya Marekani. Tangu Januari 1968 kanuni za nchi hiyo zinataka nyutro ikae kati ya rivasi na gia za mbele. Viwanda vya nchi nyingine vilivyotaka kuuza Marekani vilifuata, na kwa zaidi ya miaka 30 suala la mpangilio wa gia lilitulia.

Sekta ilipata funzo jingine la bei kali katika miaka ya 1980. Audi 5000 ilituhumiwa Marekani kuwa inajiondokea yenyewe pale leva inapotolewa P. Uchunguzi wa serikali, uliochapishwa 1989, ulieleza kuwa chanzo kikubwa ni madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki, lakini wanunuzi walikwisha kukimbia: mauzo ya Audi nchini humo yalishuka kutoka zaidi ya magari 74,000 mwaka 1985 hadi takriban 12,000 mwaka 1991. Kufuli inayozuia leva kutoka P mpaka breki ikanyagwe ilienea kutokana na mkasa huo.

Utulivu ulivunjwa na umeme. BMW ilitoa 7 Series ya 2001 ikiwa na kijiti kidogo kwenye shina la usukani, kisicho na kebo yoyote. Toyota ikafuata na Prius ya 2003, yenye kileva kifupi kwenye dashibodi na kitufe cha P pembeni yake. Mercedes-Benz ilihamishia gia kwenye shina la usukani mwaka 2005, Jaguar XF ikaja na swichi ya kuzungusha inayochomoza injini inapowashwa, Lincoln ikarudia vitufe, na Tesla Model S ya 2021 ikahamishia uchaguzi wa gia kwenye kioo cha kugusa.

Sababu za kihandisi zipo. Kebo huhitaji tundu kwenye sakafu, na tundu hupitisha kelele na mtetemo. Bila kebo, nafasi kati ya viti huachwa wazi, gari linaweza kujiegesha lenyewe, na kompyuta inaweza kuingiza P dereva anapofungua mlango. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayolazimisha umbo jipya. Leva ya kawaida, inayobaki mahali pake, inaweza kuendeshwa kwa waya za umeme vilevile. Maumbo ya ajabu yalitokana na idara za mauzo: ndani ya gari ndiko mnunuzi anakokaa anapoamua kulipa, na kila kampuni ilitaka aone kitu ambacho jirani yake hana.

Gharama ya mchezo huo ilionekana wazi kwa Fiat Chrysler. Dodge Charger na Chrysler 300 za 2012 hadi 2014, pamoja na Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, zilikuwa na leva iliyofanana na ya zamani kwa sura, lakini kila ikisukumwa ilirudi katikati. Gia ilionyeshwa kwa taa tu, si kwa mahali leva ilipo. Madereva walidhani wameweka P, wakashuka injini ikiwa inanguruma, na gari likawafuata. Aprili 2016 kampuni iliyaita magari takriban milioni 1.1 kwa marekebisho na kutaja majeruhi 41. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alifariki Los Angeles baada ya Grand Cherokee yake kubingirika na kumbana. Marekebisho yenyewe yalikuwa ya programu: gari lifundishwe kuingia P lenyewe mlango unapofunguliwa. Leva haikubadilishwa katika magari yaliyokwisha kuuzwa.

Kosa la leva hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu halikuwa la kifaa kuharibika. Kila sehemu ilifanya kazi kama ilivyochorwa. Swichi ya kuzungusha au kitufe angalau humwambia dereva kuwa hiki ni kitu kigeni, kiangaliwe. Leva ya Fiat Chrysler iliuahidi mkono jambo moja na kufanya jingine. Ford ilipata kosa dogo zaidi kwenye Lincoln MKC ya 2015: kitufe cha kuwasha na kuzima injini kilipangwa chini kabisa ya safu ya vitufe vya gia, wapo waliozima injini bila kukusudia, na zaidi ya magari 13,000 yakaitwa ili kitufe kihamishwe.

Afrika Mashariki hupokea maumbo hayo miaka kadhaa baadaye, kupitia magari yaliyotumika kutoka Japani na Uingereza. Mgongano mkubwa uko kwenye shina la usukani. Gari la Kijapani lenye usukani kulia huwa na kijiti cha indiketa upande wa kulia. Mercedes yenye usukani upande huohuo huweka indiketa kushoto, na kulia ndiko kwenye kijiti cha gia. Dereva aliyetoka kwenye Toyota, akitaka kukata kona Nairobi au Dar es Salaam, hugusa kulia kwa mazoea na gari huweza kuingia nyutro barabarani. Kompyuta hukataa rivasi katika mwendo huo, lakini nguvu ya injini hukatika na anayefuata nyuma hajui kinachoendelea.

Prius nayo ina darasa lake. N haishiki mpaka kileva kishikiliwe kidogo, na B, ambayo wengine huitumia kama gia ya kawaida, ni ya kushukia mteremko mrefu kwa msaada wa injini. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, P haitoki, kwa sababu kinachoifungua ni mota ya umeme. Gari la kuvuta likifika, itabidi betri ipewe moto kwanza au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Kwa mwenye karakana, hapo ndipo kazi ilipohamia: badala ya kukaza kebo au kubadilisha bushi, anahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Jarida la Consumer Reports la Marekani lilianza 2017 kuyapunguzia alama magari yenye gia za kuchanganya yasiyoingia P yenyewe dereva anaposhuka. Kwa kampuni zinazotegemea alama hizo katika matangazo, hilo lilizigusa kuliko barua nyingi za malalamiko. Kinga hiyo ya kuingia P yenyewe sasa ipo katika magari mengi mapya. Magari ya kipindi cha kati, yaliyopoteza kebo kabla ya kupata kinga, ndiyo yanayozunguka katika masoko ya mitumba, na baadhi yaliitwa kwa marekebisho ambayo mmiliki wa kwanza hakuyafuatilia. Namba ya chesisi hutosha kuthibitisha iwapo kazi hiyo ilifanyika, na uhakiki huo hufaa ufanyike kabla ya malipo, gari likiwa bado bandarini ng'ambo.