Rangi ya Duka Mbele ya Vumbi Jekundu

Mfanyabiashara anayetaka duka lake lionekane hukimbilia rangi kali, na mara nyingi huchagua nyekundu. Kwa Dodoma uamuzi huo unahitaji kufikiriwa mara mbili. Udongo wa sehemu kubwa ya nyanda hizi za kati una wekundu unaotokana na chuma kilichopata kutu ardhini, na kiangazi kirefu cha kuanzia Mei hadi Novemba huupeperusha na kuutandaza juu ya mabati, mabango na sehemu za chini za kuta. Juu ya wekundu huo wa asili ukaja wa biashara. Soda ilitangulia. Kisha Airtel ikachukua nafasi ya Zain mwaka 2010, na Vodacom ikaacha bluu yake na kuvaa nyekundu mwaka 2011. Vibanda vya miamala na kuta za fremu zikapakwa upya, mara nyingi kwa gharama ya kampuni, na mwenye duka akafurahi kwamba amepata rangi ya bure. Alichopata ni ukuta unaofanana na wa jirani yake.

Jicho hushikwa na tofauti. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kisichofanana na vinavyokizunguka hukumbukwa kuliko vingine. Kwa hiyo rangi ya ajabu huko Ulaya inaweza kuwa ya kawaida kabisa Dodoma, na ya kawaida kwao ikawa kivutio kwetu. Katika mtaa wa vumbi jekundu na mabango mekundu, ukuta wa bluu iliyochanganyika na kijani, kama maji ya bahari yenye kina, utaonekana kutoka mbali. Zambarau nayo ina nafasi yake, hasa kwa duka la mvinyo katika mkoa unaosifika kwa zabibu. Kijani na njano pamoja ni jambo jingine: mpita njia atadhani ni tawi la CCM, na duka la vyombo halihitaji mkanganyiko huo.

Ndani ya duka mambo hugeuka. Huko kinachotakiwa kuonekana ni bidhaa, na ukuta unaweza kuiharibia sura. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliteuliwa mwaka 1824 kuongoza idara ya utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza, akakuta nyuzi zenyewe hazina kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa jirani yake. Muuza vitenge aliyepaka ukuta wa chungwa kali nyuma ya mitindo yake ana tatizo hilohilo. Kitenge ni rangi tupu tayari, kinahitaji ukuta mtulivu. Duka la nguo za harusi lenye kuta nyekundu ni baya zaidi, kwani mwanga unaorudishwa na ukuta huo hulitia shela jeupe wekundu.

Bucha ndiyo mfano ninaoupenda. Mabucha yetu mengi yana vigae vyeupe, kwa sababu nyeupe huonyesha usafi. Lakini mteja akikodolea macho paja la ng'ombe kwa muda, sehemu ya jicho inayopokea nyekundu huchoka, na akitazama ukuta mweupe huona kivuli cha kijani. Akirudisha macho kwenye nyama, anaiona imefifia. Mtaalamu wa rangi Mmarekani, Faber Birren, alilishauri duka moja la nyama la Chicago libadili kuta zake nyeupe ziwe za bluu-kijani. Nyama ikaonekana nyekundu zaidi na mauzo yakapanda. Kigae cha rangi hiyo huoshwa kwa urahisi uleule wa kigae cheupe. Kwa kanuni hiyohiyo, wauza mafuta ya alizeti wa Dodoma na Singida wangepanga chupa zao mbele ya ubao wa bluu iliyokolea, na umanjano wa mafuta ungewaka.

Limebaki jua, ambalo wauza rangi hawalitaji sana. Rangi zinazotokana na oksidi ya chuma, kama hudhurungi na damu ya mzee, hazichujuki kirahisi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wekundu wa aina hiyo uliodumu karne kwa karne chini ya vivuli vya miamba. Bahati mbaya hizo ndizo rangi za vumbi letu, hazitofautishi duka. Waridi, zambarau na nyekundu nyingi za bei rahisi hufifia upesi zikikaa juani, kwa hiyo zipakwe chini ya baraza. Bluu na kijani za fithalosianini, zilizoingia sokoni miaka ya 1930, huhimili jua vizuri na bado zinapingana na udongo. Ndiyo maana kwa ukuta wa nje wa Dodoma nazipa nafasi ya kwanza. Nyeusi na rangi ya mkaa, zinazopendwa siku hizi na maduka ya simu na nguo za kiume, zisipakwe kwenye ukuta unaotazama magharibi: hunywa joto la alasiri na kulimwaga ndani hadi usiku.

Kabla hujalipia ndoo ya lita 20, mwambie fundi apake kipande cha mita moja kwa mita moja, nje na ndani. Kitazame asubuhi, saa saba mchana na usiku taa zikiwaka, ukiwa umeweka bidhaa zako mbele yake. Kisha vuka barabara ukiangalie kutoka ng'ambo, anakosimama mteja ambaye bado hajaamua kuingia.