Sumu Isiyoogopa Moto

Paukwa! Mmeitikia pakawa? Haya. Kwa desturi mngeniambia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo naomba ubaki mlangoni, maana hadithi hii ina makaburi ndani yake.

Tuanzie mbali, Uingereza, mwaka 1960. Wafugaji wa huko walikuwa na bata mzinga kwa maelfu, wale ndege wakubwa wanaochinjwa sana wakati wa Krismasi. Ghafla wakaanza kufa. Leo ndege anadonoa vizuri, kesho hataki chakula, mabawa yamelegea, keshokutwa amekwisha. Hesabu ikapita laki moja. Waganga wa mifugo wakatafuta kila ugonjwa wanaoujua, wasiuone. Wakauita ugonjwa wa X, kama mnavyoandika X darasani mkiwa bado hamjapata jibu la hesabu.

Jibu lilikuwa kwenye chakula. Ndege wale walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zilizotoka Brazil, na karanga zile zilikuwa zimewahi kuota ukungu, yaani kuvu. Kuvu yenyewe haikuonekana kwa macho, ilikwisha kusagwa pamoja na karanga. Kilichobaki ni sumu yake. Wataalamu walipoitenga na kuimulika kwa taa ya urujuanimno, iling'aa gizani, nyingine buluu, nyingine kijani. Nzuri kuitazama, nawaambia! Jina wakalichomoa kwenye jina la kuvu, Aspergillus flavus: wakachukua A, wakachukua fla, wakaunganisha na toksini, ikawa aflatoksini. Sisi tunaiita sumukuvu, na nadhani jina letu limeeleza zaidi.

Sasa, kuvu hii si mgeni kwetu. Inaishi kwenye udongo wa shamba la bibi yenu hivi sasa. Vijimbegu vyake ni vidogo kuliko vumbi, vinapeperuka na upepo, vinatua kwenye mihindi na kwenye karanga. Mwaka wa mvua nzuri haipati nafasi kubwa. Jua likichoma kupita kiasi, mmea ukidhoofika, wadudu wakitoboa punje, mlango umefunguliwa. Na mkulima akivuna kisha akajaza magunia mahindi yangali na unyevu, hapo kuvu imetandikiwa mkeka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Makueni na Kitui, Kenya, mwaka 2004. Ukame ulitangulia, kisha mvua ikanyesha wakati wa mavuno, wakati usio wake. Mahindi yakaingia ndani yakiwa mabichi, mengine yakahifadhiwa kwenye nyumba walimolala watu. Baada ya muda, macho ya watu yakaanza kugeuka manjano, matumbo yakauma, wengine yakavimba. Ini lilikuwa linakufa. Waliougua walikuwa 317. Waliofariki, 125. Miaka 12 baadaye, mwaka 2016, zamu ikawa ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Chanzo kile kile, mahindi ya nyumbani.

Najua kuna mmoja wenu ameshanyanyua mkono: si tungeyapika tu? Ugali si unachemka mpaka unatoa mapovu?

Hapo ndipo sumu hii inapowashinda wapishi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sumukuvu inahimili hata zaidi ya 200. Utaichemsha, utaisonga, utaila. Haina harufu ya kukuonya wala ladha. Punje inaweza kuwa nyeupe pe na bado inayo. Kiasi chake nacho ni cha kushangaza. Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba kilo moja ya mahindi isizidi maikrogramu 10. Nimepiga hesabu: gramu moja tu ya sumu hii, uzito wa punje tatu hivi za mahindi, inatosha kuyafikisha magunia 1,000 ya kilo mia mia kwenye kikomo hicho. Ndiyo maana Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda, na malori yakakwama mpakani.

Wanaokufa haraka ndio tunaowasikia. Anayeila kidogo kidogo haugui leo wala mwakani. Inalidhuru ini lake taratibu, miaka mingi, mpaka linaweza kupata saratani, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake ni kubwa zaidi.

Kuna wanaosema, basi yaliyoota ukungu tuwape kuku, au tumpe ng'ombe. Mmesahau wale bata mzinga? Na ng'ombe akila, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa yake, halafu maziwa anapewa nani? Mdogo wako.

Dawa yake kubwa ni jua, na haraka. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye udongo kuvu inakoishi. Yakaushwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 na nusu. Mtajuaje bila mashine? Chukueni chupa kavu yenye kifuniko, tieni mahindi kiasi cha robo, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikiseni dakika moja au mbili, kisha iacheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Ikidondoka yote chini, mmekaribia. Haifikii kipimo cha maabara, ila inamshinda mtu anayeng'ata punje na kusema imekauka.

Wataalamu nao wamebuni ujanja unaonifurahisha. Wameona kwamba ndani ya ukoo ule ule wa kuvu wamo ndugu wasiotengeneza sumu. Wakawapandikiza kwenye punje za mtama zilizokwisha kukaangwa ili zisiote, wakaita dawa hiyo Aflasafe. Mkulima anaitawanya shambani wiki mbili tatu kabla mihindi haijachanua, ndugu wapole wanaenea, wenye sumu wanakosa pa kukaa. Inatumika Kenya, inatumika Tanzania.

Nyie shamba la kutawanya dawa hamna, lakini macho mnayo. Mama akianika mahindi, msimwachie kazi peke yake. Fukuzeni kuku, tazameni mawingu, chagueni punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi mzitupe mbali na mifugo. Na kabla gunia halijafungwa, mwombeni awasubiri kidogo mlete chupa na chumvi.